Kaseti za Bwana Ezio

Jumatatu, 9 Juni 2025

Shajara hii ilipaswa kuandikwa kwa Kitaliano. Ndiyo lugha ninayowazia, ndiyo ninayoota nayo. Naandika Kiswahili kwa kuwahurumia wasomaji.

Haya, uongo. Najua "buongiorno". Najua na tusi moja, alilolitoa Bwana Ezio siku spana ilipomwangukia kidole cha mguu. Basi. Kitaliano changu kimeishia hapo, kama shule ilivyoishia darasa la nne.

Shida ni kwamba uongo wenyewe nimekwisha kuusema mahali pabaya. Sista Anjela amepiga simu kutoka Mbinga. Binti wa marehemu Bwana Ezio, anaitwa Ornella, anakuja Jumamosi kutoka Italia. Ile nyumba ya baba yake hapa ufukweni, aliyoijenga alipokuja kutuletea maji ya bomba, akaishi humo mpaka tukamzika mwaka jana, atamwachia mtu aliyekuwa karibu naye zaidi. Sista akauliza, nani huyo? Nikasema mimi! Nikasema miaka yote niliyokuwa msaidizi wake wa mabomba hatukuongea ila Kitaliano. Sista akafurahi sana. Akasema Ornella ana jambo moja kubwa la kuuliza, na angependa aliulize mwenyewe, kwa lugha yake.

Mama yangu!

Nikishindwa, nyumba ni ya Wilfred, aliyekuwa mlinzi, anayetaka kuifanya gesti. Na mimi ninayelala kwenye jiko la nje la nyumba hiyohiyo narudi Ukata, milimani, kwa Otilia, mke wa mwanangu. Uji wa Otilia hauna sukari. Mashamba yake hayana mwisho. Siku ya kwanza tu atanishusha kwenye ngolo, yale mashimo tunayolimia mteremkoni, na magoti yangu haya.

Nimemwuliza Wilfred kama anajua Kitaliano. Akasema, mzee wangu, mimi hata Kimatengo chako kinanishinda. Na akacheka! Hana hata aibu.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata mwalimu! Chini ya kitanda cha Bwana Ezio, ndani ya sanduku la spana: kaseti. Alinirekodia mwenyewe zamani nijifunze. Sikuwahi kuzigusa. Redio yake bado inaimba ukiipiga kofi.

Nikabonyeza. Mwanzoni anasoma maswali na majibu, na maana yake kwa kile Kiswahili chake cha kupondaponda. Hapo sikuogopa. Halafu akaanza kuniuliza.

"Placido! Come stai?" Yaani, Placidi, hujambo? Akanyamaza. Ananisubiri.

Nywele zilinisimama, hizo chache.

Huku kwetu sauti ikikuita na mwenyewe humwoni, huitikii. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Ya tatu ndiyo ya mtu, maana wafu hawafiki tatu. Mtoto hulijua hili kabla ya kujua kufunga vifungo. Bwana Ezio mwenyewe tulimfundisha, na alilishika kuliko sisi.

Basi nikanyamaza. "Placido! Hai mangiato?" Umekula? Nikanyamaza. "Placido! Dove vai?" Unakwenda wapi? Hapo nikaitika haraka, kwa jibu la swali lile la kwanza: "Sto bene, grazie!" Yeye alikwisha kwenda mbele. Akauliza ninafanya nini, nikamwambia ndiyo, nimekula. Asubuhi nzima hivyohivyo. Yeye mbele, mimi nyuma, kama tunabeba bomba refu.

Jambo moja silipendi. Ndani ya kaseti kuna upepo wa mwera na mawimbi yanapiga mawe. Nje nako kulikuwa na mwera na mawimbi. Nilipozima redio, mawimbi yakapungua. Sikujua yaliyobaki ni ya lini.

Jumatano, 11 Juni

Sarufi! Kwa Mwitaliano kila kitu ni mume au mke. Meza ni mume, kiti ni mke. Kwa hiyo mezani kwa Bwana Ezio amesimama bwana mmoja na wake wanne, kama marehemu Mzee Leopold. Ziwa ni mume. Maji yake ni mke. Kifo ni mke.

Hilo la kifo nilimwambia jirani yangu Kunigunda, aliyekuja kuchungulia na bakuli la mihogo. Akasema alijua siku nyingi, maana hakuna mwanaume angefanya kazi hivyo bila kupumzika.

Kisha akaniuliza, babu wewe, umerogwa? Wanawake wa bombani wamemsikia marehemu akikuita, wakakusikia unaitika. Sasa wanachota kwa zamu za watu sita, na anayekaa nyuma anatembea kinyumenyume. Nikamweleza ni kaseti. Akasema sauti ni sauti, hata ukiitia kwenye chupa. Mihogo aliiacha nje, mbali na mlango.

Nimekula. Ho mangiato! Baridi lakini tamu.

Alhamisi, 12 Juni

Mpango wa leo ni safi kabisa. Wilfred amekuja kwa adabu zote, shikamoo mzee, naomba unifundishe neno moja tu la kumkaribisha mgeni. Nikamfundisha lile tusi la spana. Analisema vizuri mpaka nimeona wivu. Amelirudia njia nzima akienda kwake.

Ijumaa, 13 Juni

Kaseti ya pili, upande wa nyuma. Saa nne asubuhi, jua linawaka, kwa hiyo asije mtu akasema niliona giza.

Bwana Ezio alikuwa anauliza habari za hali ya hewa. Piove? Fa freddo? Mimi nasubiri zamu yangu. Na nyuma ya sauti yake, mbali, kama kutoka kule mwaloni kwa wavuvi, mwanamke akaita: "Placidi!"

Tadea.

Mke wangu Tadea, aliyefariki mvua zile daraja liliposombwa. Alikuwa na namna ya kulivuta jina langu mwishoni, kama anafunga kamba.

Nikanyamaza. Akaita tena: "Placidi!" Nikanyamaza. Nilikaa mdomo wazi, jibu liko mlangoni. Kaseti ikaisha, tak.

Nimerudisha. Mbili tu. Nimegeuza, nimepuliza, nimerudisha tena. Mbili. Nikatoka nje nikatazama mwaloni. Palikuwa na dagaa wameanikwa na kunguru mmoja. Ziwa limelala bapa, na mbali wale wadudu wa ziwani wamesimama kama moshi wa moto usiokuwepo.

Sijui alikuwa ananiitia nini siku ile. Pengine ugali. Leo sisomi tena.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika kwa hasira, kalamu inatoboa karatasi.

Walifika mchana, Sista Anjela kwenye usukani, vumbi mpaka kwenye kilemba. Tumsifu Yesu Kristo. Milele, amina. Ornella ni mtu mzima, nywele fupi, na macho ya baba yake kabisa, kama ameyaazima akasahau kuyarudisha.

Wilfred akamrukia wa kwanza, akainama, akamtolea lile tusi kwa sauti ya kanisani. Nikajiandaa kufurahi. Ornella akaduwaa. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo, machozi yanamtoka. Sista akatafsiri: tangu msiba hajasikia mtu akilisema neno la baba yake, tena kwa lafudhi yake ileile! Akamshika Wilfred mikono yote miwili. Mpango wangu safi!

Zamu yangu. Tukakaa barazani. Watu wamejaa uani, Kunigunda mbele kabisa. Ornella akanikazia macho yale, akauliza, "Placido, come stai?"

Jibu nilikuwa nalo. Lakini mdomo nimeuzoeza vingine wiki nzima, ukagoma. Kimya.

Akauliza kama namsikia. Kimya.

Akauliza la tatu, polepole. Nikaitika kwa nguvu zote, "Sto bene, grazie!"

Sista Anjela akafanya ishara ya msalaba. Baadaye ndipo akanieleza maswali yote. Swali lilikuwa, baba yangu yuko wapi? Nami nimesema, niko salama, asante.

Ornella akateremka kitini akakaa sakafuni. Midomo imekuwa myeupe. Akauliza kwa kunong'ona, nani alishika simu? Nikamwambia ndiyo, nimekula. Akauliza, alikuwa yeye? Nikamwambia naenda ziwani.

Uani watu wakarudi nyuma hatua moja. 

Sista akanigeukia kwa Kiswahili, mkali, mzee Placidi, unamchezea huyu mtoto wa watu? Mbona unanyamaza kwanza ndipo unajibu? Ikabidi nieleze. Nikamwambia ndivyo tunavyofanya kwa sauti isiyo na mtu, na mwalimu wangu alikuwa sauti isiyo na mtu, na baba wa huyu mama ndivyo alivyofanya vilevile, hata kwenye simu. Hasa kwenye simu. Kunigunda na uani mzima wakaitikia, ndivyo, ndivyo.

Sista akatafsiri. Ornella akajifuta uso. Kisha maneno yakamwagika, Sista anayakimbilia. Miaka yote akimpigia baba yake, simu inapokelewa, halafu kimya. Anaita Papà, kimya. Papà, kimya. Ya tatu ndiyo anaitika. Yeye akidhani baba anajiuliza kwanza kama anataka kuongea naye. Ndiyo sababu akawa anapiga mara chache. Halafu mara chache zaidi.

Na jambo lake kubwa ni hili. Mwaka jana, siku tuliyomzika baba yake, habari hazijamfikia, alipiga simu mchana. Ikapokelewa. Mtu anapumua. Akaita Papà. Akaita tena. Akakasirika, akakata. Jioni ndipo Sista akampa msiba. Amekuja kutoka Ulaya kuuliza nani alikuwa anapumua.

Hapo nikaona nafasi! Nikasimama. Nikasema, ni yeye mwenyewe, Bwana Ezio! Mpaka leo anapokea! Ndiyo maana nyumba hii inahitaji mtu wa kudumu wa kumwitikia, mwenye lugha, na humu kijijini mwenye lugha ni mmoja tu!

Sista alikataa kutafsiri. Lakini mikono yangu ilikuwa inaonyesha kaburi, na Ornella si mjinga. Akawa rangi ya jivu.

Ndipo Wilfred akapiga goti mbele yake. Akasema, ni mimi, dada. Simu ilikuwa kwangu. Nilikuwa nangoja uite ya tatu.

Sista akatafsiri. Ornella akalia kilio cha kwetu, kile cha kukaa chini na kujiachia, mpaka Kunigunda akamwendea akamlaza mapajani. Aliponyanyuka alikuwa mtu mwingine. Akampa Wilfred funguo. Zote!

Mimi nimepewa kaseti.

Nimemeza sarufi nzima, mume na mke, jana na leo. Wilfred hajui hata "grazie", ana tusi moja la mkopo, na ana nyumba!

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada Wilfred alikuja na mbasa mkubwa, akawa anampara hapa nje ya jiko. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia siku zote kwamba simu ya marehemu alibaki nayo yeye. Ningempangia bei ya siri hiyo.

Akatazama ziwani. Akasema, mzee wangu, mimi ndiye niliyemvalisha koti. Simu ilikuwa mfuko wa ndani, tukaona haya kumpekua mtu aliyelala. Tulimzika nayo. Saa ile anayosema yule dada, wewe ulikuwa unapiga udongo kwa koleo.

Nikasema, kumbe umedanganya! Akasema ndiyo. Ulitaka arudi nalo kwao jambo lile?

Nikamwuliza, sasa nani alipokea?

Wilfred akarudi kwa samaki wake. Magamba yanaruka. Mara mbili aliacha kisu akageuza kichwa upande wa kaburi, kama mtu aliyesikia jina lake, na mara zote mbili akanyamaza.

Kisha akaniambia kwa upole kwamba jiko hili litakuwa stoo ya gesti. Naondoka Jumatano. Nauli atalipa yeye mpaka Ukata.

Nimekaa nikatafakari kosa langu liko wapi, na nimeliona. Uongo wangu ulikuwa mrefu. Wa Wilfred ulikuwa mfupi, na alipiga goti. Ndiyo siri yote! Tena nimesikia kuna Wajerumani wanakuja Kitai kuangalia kahawa. Nimekwisha kutuma ujumbe kwamba Kijerumani nakijua tangu utoto. Nimeuandika kwa sentensi moja.

Jumatatu, 16 Juni

Bwana Ezio, sikuiti. Naandika tu, kwa hiyo usije ukaitika.

Siku ile wenzangu walitaka kukulaza kule chini kwenye mchanga, pachimbike upesi, watu wakale. Ni mimi niliyekataa. Nikasema ziwa likijaa litamfikia miguuni. Nikakuchimbia huku juu kwenye mawe, viganja vikatoka malengelenge, na sikukudai hata asante.

Leo nadai, tena kidogo, na nitakuomba kwa lugha yako. Wilfred anahamia ndani jioni hii, chumba chako kilekile. Usimtokee, ana presha. Usimguse. Kohoa tu, mara moja, nyuma ya kabati.

Per favore.