Kitambi Changu na Sahani za Lukmani

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Leo ndiyo leo! Bwana Abdulrazaki, yule mnunuzi binafsi wa korosho kutoka Mtwara, anatafuta msimamizi wa ghala lake jipya la Chilangala, kule Newala. Nani anamfaa kama si mimi? Nimesimama kwenye mzani wa ushirika miaka na miaka, mpaka biashara ilipokuwa ruksa kwa kila mtu nasi tukapunguzwa. Tangu hapo nimekaa tu hapa Mkomaindo, Masasi. Mke wangu Rose anakaanga vitumbua alfajiri na kwenda kuviuza kwenye geti la hospitali. Kazi yangu mimi ni kuonja kama vimeiva.

Nimemwambia Rose nikipata ghala lile, ataachana na moshi. Amecheka. Kisha nikamwona anajifuta macho kwa ncha ya khanga, na moto alikuwa hajauwasha bado. Lazima nipate kazi hii!

Vikwazo ni viwili. Cha kwanza ni Lukmani, jirani yangu, tuliyepunguzwa naye siku moja. Naye anaitaka. Mwembamba, anatembea kama hana tumbo kabisa. Cha pili: Bwana Abdulrazaki hataki mtu mwenye presha. Msimamizi wake wa mwaka jana alianguka juu ya magunia lori likiwa mlangoni, wakashindwa kujua nani wa kupakiwa kwanza. Kwa hiyo tutapimwa, mimi na Lukmani, Jumamosi ya wiki ijayo, pale zahanati ya mtaa.

Nikaenda kwa Nesi Dominika nijue hali yangu mapema. Akanifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akapuliza kwa kimpira, akanitazama, akapuliza tena. Akauliza chai yangu ina vijiko vingapi vya sukari. Nikasema vinne. Akauliza vya aina gani. Nikaanza kushusha mkono wa shati.

Akanishauri nisibadili kila kitu kwa mara moja. Nianze na kimoja au viwili, vikishazoeleka niongeze. Sukari nipunguze nusu. Nusu ya sahani iwe mboga. Ugali uwe wa dona. Chumvi ibaki jikoni, isinifuate mezani. Cha kukaanga kiwe cha siku moja moja, cha kuchemsha ndiyo kawaida. Hamu ya soda ikinijia, nile tunda. Polepole, anasema. Mimi si mtu wa polepole! Vyote naanza kesho.

Jumanne, 4 Oktoba

Chai bila sukari hata chembe. Kitumbua, hapana. Nikajisikia kijana! Saa nne nikala tango. Saa tano nikala tango lingine, na la kwanza likanirudi. Saa sita nikaanza kumchukia kila mtu anayepita. Nilimfokea kuku wa Lukmani.

Saa saba nilikuwa stendi. Sijui miguu ilinifikishaje. Chapati nne, maharage yanaogelea mafuta, soda mbili. Zamani soda tulikuwa tunaisubiri kwa sherehe, siku hizi zimejaa kila duka, na mimi ni mtu wa kuunga mkono maendeleo. Nilikuwa nimeinua chapati ya tano, mara nani akapita na baiskeli? Nesi Dominika! Akashuka. Akanisalimia vizuri kabisa. Akauliza, Baba Anjelina, ulianza na kimoja au na vyote? Nikasema hii ni ya kumpelekea mgonjwa. Akasema mgonjwa anaonekana.

Rose alininusa shati nilipoingia. Amenipimia: kuanzia kesho vitumbua vinne tu kwa siku, basi.

Jumatano, 5 Oktoba

Nimeamka na akili mpya! Kwa nini nihangaike kushusha presha yangu? Nipandishe ya Lukmani!

Vitumbua vyangu vinne nimevipanga kwenye sahani nzuri, nikaongeza mihogo ya kukaanga, nikainyunyizia chumvi mpaka ikang'aa. Nikavipeleka kwa Lukmani mwenyewe. Mkewe Esha akapokea kwa mikono miwili. Lukmani akatoka, akasema, Baba Anjelina, una ugomvi gani leo? Nikasema hapana Baba Rahima, ni ujirani tu. Akatafuna kimoja mbele yangu. Akafumba macho kwa utamu. Ameanza kuingia mtegoni!

Rose alikuwa anatazama kutoka uani. Jioni akaniambia hajawahi kuniona nikitoa cha mdomoni mwangu. Akasema ameuona moyo wangu. Nikasikia haya. Kidogo tu.

Ijumaa, 7 Oktoba

Kuna jambo sikulifikiria. Sahani ya jirani hairudishwi tupu! Hapa kwetu mwanamke akikurudishia sahani tupu ujue amekutukana. Na Esha si mtu wa kutukana watu. Ile ya juzi imerudi na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi yetu ya porini, kisamvu kilichopondwa na karanga, na papai nusu. Nikapeleka chapati zenye mafuta. Ikarudi na mbaazi na mchicha. Nikapeleka mihogo ya kukaanga tena. Ikarudi na boga.

Vitumbua vyangu viko kwa Lukmani, nyumbani hakuna kingine, Rose ananiwekea hayo majani ya adui mbele yangu. Njaa haina kiburi, nakula. Ming'oko, haki ya Mungu, ilikuwa mitamu. Lakini sitamwambia mtu.

Siachi! Leo jioni nimepeleka sahani mbili.

Jumatatu, 10 Oktoba

Mambo yanakwenda! Mashavu ya Lukmani yameumuka. Amepumzika mara mbili kufika kisimani. Na leo Rose kanisimulia kwamba Lukmani alimfuata mpaka getini pa hospitali kununua vitumbua vingine kwa hela yake mwenyewe! Nilicheka peke yangu uani mpaka Esha akachungulia juu ya ua kuuliza kama niko salama.

Mkanda wangu nao umeharibika. Umelegea, suruali inashuka. Ndiyo shida ya vitu vya mitumba. Nimetoboa tundu jingine kwa msumari.

Usingizi mzuri. Sikoromi tena, anasema Rose. Sijui ni hali ya hewa.

Alhamisi, 13 Oktoba

Kesho kutwa! Siwezi kukaa chini. Presha ya Lukmani nimeishughulikia, lakini Bwana Abdulrazaki lazima aone kwa macho yake kwamba mimi ni mtu wa afya. Nikakumbuka maneno ya Nesi Dominika: tunda badala ya soda. Tunda gani linamwagika nchi hii mwezi huu? Mabibo! Yamelala chini ya kila mkorosho, watu wanachukua korosho na kuliacha bibo kwa nzi. Nimeokota ndoo nzima, mekundu na manjano, nimekamua, nimechuja kwa khanga ya zamani. Maji matupu ya tunda. Nitamkaribisha nayo Jumamosi pale pale zahanati!

Najua mtu atasema nini. Esha alisema, tena bila kuulizwa: maji ya mabibo unywe leo leo Baba Anjelina, kesho ni uraka, pombe tupu. Kama vile mimi sikuzaliwa huku! Uraka unachacha kwa sababu watu wanauweka kwenye mitungi na madebe, halafu wanapita wanafunua. Mimi nina chupa ya chai ya Rose. Ya maua mekundu, kutoka Dubai, haijawahi kutoka kabatini, inasubiri mgeni wa maana. Chupa ya chai kazi yake ni kuhifadhi. Chai ya moto inabaki moto. Basi na kilichokamuliwa leo kinabaki cha leo! Ni sayansi tu. Nimeijaza mpaka shingoni, nimekaza kizibo.

Ijumaa, 14 Oktoba

Nimeonja. Imechangamka kidogo. Matunda ya mwaka huu yana nguvu! Nikaonja tena kuhakikisha. Nikaimba. Rose akauliza nini kimeingia ndani yangu. Nikamwambia ni afya.

Nimekaza kizibo tena, kwa kiganja na kwa kisigino.

Jumamosi, 15 Oktoba

Naandika polepole ili yote yakae sawa.

Bwana Abdulrazaki alikuwa ameketi barazani pa zahanati, kanzu nyeupe kama pamba. Tukamwamkia. Rose alikuja nami kunishikia kikapu, na ndani ya kikapu chupa ya chai imefunikwa kitambaa.

Lukmani alianza. Nesi Dominika akafunga, akapuliza, akamtazama, akapuliza tena. Kutazama kule nakujua! Presha juu. Lukmani mwenyewe hakuamini. Nesi akamuuliza amekula nini siku hizi. Lukmani akasema, kwa sauti ya huzuni, ni vitumbua na mihogo ya jirani yangu huyu. Kwamba analetewa kila siku kwa upendo, naye ataukataaje upendo? Watu wote wakanitazama kwa heshima. Bwana Abdulrazaki akasema majirani wa namna hii wameadimika. Lukmani akanishika bega, akanishukuru tena, jasho linamtoka. Nikatazama dari.

Kisha mimi. Nesi akapuliza. Akapuliza tena. Akaita mwenzake aje aone. Imeshuka! Na mwili umepungua! Akaniuliza nimefanyaje. Nikasema ni nidhamu.

Bwana Abdulrazaki akasimama, akanipa mkono. Akasema, Bwana Optatus, Jumatatu lori litakupitia, ghala la Chilangala ni lako. NIMEPATA KAZI! Rose akapiga kigelegele mpaka wagonjwa waliojilaza wakainuka. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, anasema kikaango leo nakiinamisha, nakiinamisha!

Hapo ndipo mtu mwingine angekwenda nyumbani.

Mimi nikasema bado, bado, kuna karibu yangu ndogo kwa mheshimiwa. Nikaitoa ile chupa. Nilikizungusha kizibo nusu tu. Pwaa! Kikapaa, kikagonga dari, kikarudi kikamwangukia Lukmani. Povu likapanda kama linakimbizwa. Kifuani kwa kanzu ya Bwana Abdulrazaki, kwenye ndevu, kwenye kofia. Na harufu ile! Hakuna mtoto wa Masasi asiyeijua harufu ya uraka. Mgonjwa mmoja akauliza kama upo wa kutosha.

Nikasema ni tunda, ni tunda tu. Bwana Abdulrazaki hakupandisha sauti. Angepandisha ningefurahi. Akasema mtu anayeleta pombe zahanati asubuhi, tena akamkaribisha yeye, hawezi kumwachia ufunguo wa ghala.

Rose hakunitazama. Alifungua khanga yake ya juu, akapiga goti, akamwambia shikamoo baba, tusamehe, akaanza kufuta kanzu. Yule bwana akaitikia marahaba, akamuuliza kwao wapi. Chilangala. Mtoto wa nani? Akamtaja baba yake. Lo, kumbe wanajuana! Akauliza anaujua mzani? Rose akasema kule ushirika yeye ndiye alikuwa anapima korosho kila mume wake alipokwenda kunywa chai. Nilitaka kusema si kila siku. Nikahesabu moyoni, nikaanza kukitafuta kizibo.

Nesi Dominika, bila kuambiwa, akakifunga kile kitambaa kwenye mkono wa Rose. Akapuliza mara moja tu.

Jumapili, 16 Oktoba

Rose anafunga mzigo. Msimamizi wa ghala la Chilangala ni Mama Anjelina! Nimekasirika, kisha nimefurahi, kisha nimekasirika tena. Kikaango na beseni ameniachia mimi. Ameniambia mambo mawili. La kwanza, niuze, nisionje. La pili, eti si nidhamu iliyonishusha presha, ni sahani za Esha: mboga, ming'oko, mbaazi, na vitumbua vyangu kuishia tumboni kwa Lukmani. Alijua tangu ile chumvi iliyong'aa. Nikamuuliza kwa nini hakunikataza. Akasema kwa mara ya kwanza maishani ulikuwa unakula vizuri, ningekukatazaje?

Maneno ya wanawake. Presha yangu ilishuka kwa sababu nilikuwa nafikiri sana. Kufikiri kunapunguza mwili, kila mtu anajua.

Akaniomba na la tatu, usiku, kwa sauti ndogo. Kazi hii ndiyo pumziko lake. Nisiiharibu. Nikaapa.

Jumanne, 18 Oktoba

Lori lilimchukua jana, amekaa mbele na dereva, amenipungia mkono mpaka kona. Nyumba imepooza. Leo nimekaanga mwenyewe. Nimeonja cha kwanza kama kimeiva. Cha pili kulinganisha. Getini nilifika na nusu beseni. Mkanda umepona, nimeurudisha tundu la zamani. Lukmani yuko kwenye dona na mboga kwa amri ya Nesi, hatutumiani sahani.

Lakini nina furaha, maana nimepata wazo! Bwana Abdulrazaki keshokutwa atakuwa Chilangala kufungua ghala rasmi. Nitapanda gari la Newala kesho alfajiri, nilale huko, niwahi sherehe, nimwombe radhi mbele ya watu wote. Hapo kazi ya Rose itakaa imara kabisa. Na nitaombaje radhi mikono mitupu? Tunda! Aone kwamba halikuwa kosa la tunda, lilikuwa kosa la kizibo.

Nimekamua jioni hii mabibo mazuri kuliko yale. Chupa nimeiosha, nimeijaza mpaka shingoni. Kizibo safari hii nimekifunga kwa waya wa baiskeli, nikaukaza kwa koleo. Hakitoki hata kwa nyundo.

Nimeitegea sikio sasa hivi. Inanguruma kidogo ndani. Ni ubichi.