Malalamiko Dhidi ya Joka Lililopewa Kigoda

Kwa Ndugu Afisa Utamaduni,
Manispaa ya Sumbawanga.

Ndugu,

Tumsifu Yesu Kristo. Na kama wewe si wa kanisa letu, basi pokea habari za kazi. Mimi ni Cleophas, mkulima wa mahindi na ulezi hapa Malangali, umri miaka sitini na minane, sijawahi kuitwa baraza la kata isipokuwa kama shahidi. Nakuandikia kwa heshima kuomba ofisi yako ipige marufuku katuni moja ya Kijapani inayoharibu ugomvi wangu na mdogo wangu Kasimiri, ugomvi ambao nimeutunza kwa miaka minne bila msaada wa serikali.

Usije ukadhani ni ugomvi wa ovyo. Sisi tunalima matuta ya duara, majani yakifukiwa ndani yaoze, na tuta la mtu ndiyo sura yake. Kasimiri, mbele ya watu kumi na wanane niliowaalika kunilimia, alisema matuta yangu yanafanana na makaburi ya vifaranga. Watu walicheka. Mke wangu alicheka. Tangu siku hiyo sijamsemesha, ingawa milango yetu inatazamana na njia iliyo kati ni ya hatua thelathini. Kanisani, padre akisema tupeane amani, mimi huinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba, lakini huinama vilevile.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Katuni yenyewe. Imetokana na mchezo wa kwenye simu, na Obed mwenye kibanda cha video humwekea kwenye flashi yeyote anayetaka, ikiwa imeshatiwa Kiswahili na mtafsiri mmoja mwenye sauti nzito anayesema maneno ya wote, binti mfalme akiwemo. Ni habari za wenzi watatu wanaozunguka nchi isiyokuwepo na chungu kimoja: binti mwenye ngao asiyejua njia, bibi wa mazingaombwe anayekumbuka nusu tu ya maneno yake, na kondoo anayesema, ambaye ndiye mtunza chumvi. Kila kijiji wanachofika kina dubwana lake. Wanapambana nalo vibaya, wanaanguka matopeni, kisha wanapika na dubwana linakaribishwa. Hakuna anayekufa. Hakuna hata anayeshitakiwa. Katika sehemu ya tano, joka lililochoma maghala saba linapewa kigoda na kuulizwa kama linatumia pilipili. Je, wenye maghala waliulizwa?

Haya nayajua kwa uchunguzi. Nilitazama sehemu zote kumi na mbili nikiwa nimesimama mlangoni, nimeipa televisheni bega. Ile ya tano nilirudia mara tatu ili niwe na hakika. Sitakuficha kwamba inavutia, na hapo ndipo penye hatari. Mtu umetoka shambani, mgongo unauma, unaona watu wanashindwa mchana kutwa na jioni chakula kinaiva vilevile. Binti yule akianguka, wenzake wanacheka, naye anacheka pamoja nao. Sijui huwa anafanyaje.

2. Mchezo wa kwenye simu. Mke wangu Fransiska, mwenye miaka sitini na mitatu, anaucheza kwa jina lake la ubatizo na la mtaa. Humo unapika chungu cha kubuni, unamtumia mchezaji mwingine, naye anashukuru, mambo yanaishia hapo. Hivyo ndivyo Wajapani walivyokusudia. Sisi hawakutufikiria. Fransiska alimtumia supu mtu anayejiita Malkia wa Ulezi, bila kujua kuwa ni Tereza, mke wa Kasimiri. Tereza amelelewa vizuri, na huku kwetu chombo hakirudi kitupu. Aliposhindwa kujua abonyeze wapi kujibu, alichukua bakuli la kweli, akatia samaki wa kweli, migebuka iliyotoka Kipili, akavuka njia. Fransiska naye hakuweza kulirudisha bakuli tupu, akaweka unga wa ulezi. Likaja na maharage. Likaenda na mayai. Huu ni mwezi wa pili, na hakuna kati yao mwenye ujasiri wa kulisimamisha bakuli hilo.

Ile migebuka niliila nikiwa sina habari, nikaisifu kwa sauti na dirisha likiwa wazi. Naambiwa Kasimiri alinisikia.

3. Jumuiya yetu ndogo. Jumamosi ya juzi somo lilikuwa la kusamehe saba mara sabini. Mwenyekiti wetu Alois akauliza nani ana mfano wa maishani. Cornelia, mama mzima mwenye wajukuu, akataja joka. Kina mama wote wakaitikia, na ndipo nilipojua kwamba flashi ya Obed imeingia kila nyumba. Alois, niliyemdhania mtu wa msimamo, akasema hata yeye joka lile alilionea huruma, kwa kuwa halikuwahi kukaribishwa na mtu. Kisha wote wakanitazama. Mimi sijachoma ghala la mtu.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Majani yamerefuka, wakati wa kufukia matuta umefika, na mabinti wa Kasimiri wote wameolewa Msanzi. Mwaka huu hajaalika watu. Kila asubuhi namwona akipita na jembe peke yake, akikohoa. Zamani ningemwona na kuendelea na uji wangu kwa amani. Sasa namwona na uji unapoa. Juzi nilijikuta nimesimama nje, nimeshika jembe langu, na sikumbuki kulichukua. Hiyo ni kazi ya katuni, Ndugu Afisa, maana kabla yake sikuwa na ugonjwa huo. Nimemkumbuka ndugu yangu, lakini hilo si la ofisi yako.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, katuni hiyo isionyeshwe Malangali. Pili, ikishindikana, waandikiwe walioitengeneza waongeze sehemu moja tu ambamo joka linakuja wakati wa chakula na kuambiwa lirudi kwao, ili watu waone kwamba hilo nalo linawezekana. Tatu, ikishindikana na hilo, ugomvi wetu uandikwe katika mambo ya asili ya wilaya yanayostahili kuhifadhiwa, ili mtu akitaka kuumaliza lazima apitie kwako kuomba kibali. Mimi mwenyewe nimeshindwa kuulinda.

Wasalimie wa ofisini kwako wote, mhudumu wa mapokezi asisahaulike, na familia yako, na wakwe zako kama mnasemeshana.

Wako katika kudumisha mila,

Cleophas,
Malangali.

Nakala: Mwenyekiti wa Mtaa, Obed wa kibanda cha video, ajue kwamba namjua.

Baada ya sahihi: Bahasha ilikuwa imeshafungwa leo asubuhi niliposikia hodi. Alikuwa Kasimiri. Akasema, "Shikamoo kaka. Flashi imegoma katikati ya sehemu ya mwisho. Yule kondoo alivuka mto?" Nilikuwa nimeapa nisimsemeshe hadi kaburini, lakini huwezi kumwacha mtu mwenye kikohozi mlangoni hajui habari za kondoo. Nikamwambia alivuka. Akauliza alivukaje, maana hajui kuogelea. Kulieleza hilo vizuri kulitaka nikae, naye akae, na Fransiska akaleta vikombe viwili kabla sijaagiza. Tulipofika mwisho, nikachukua jembe langu tukaenda shambani kwake, tumefukia mistari minne, na amenionyesha kwa nini matuta yangu huwa madogo. Alisema kweli. Kwa hiyo ombi la kwanza, la pili na la tatu yafute yote. Badala yake nakuomba uulize huko Japani kama sehemu ya kumi na tatu ipo, na jibu likija ulituandikie wote wawili kwa bahasha moja.