Tanuri la Fuwele Nyuma ya Pazia

Mheshimiwa Meya, Mheshimiwa Msaidizi wa Meya, Mheshimiwa Mke wa Meya, Mkuu wa Zimamoto na bendi yako ya tarumbeta, wakata vioo mashuhuri wa mji huu, na wewe Daktari Libuše Havránková, mkuza fuwele wetu, uliyekaa mbele hapo umekumbatia mbegu ya fuwele utadhani kifaranga. Mimi, Naibu Waziri Bohumil Krkoška, mnyenyekevu kuliko manaibu wote, nawasalimu! (Makofi. Tarumbeta moja inawahi.)

Ndugu wananchi, kwa mujibu wa mchakato shirikishi na endelevu niliouasisi mwenyewe, nyuma ya pazia hili lipo Tanuri la Taifa, litakalokuza fuwele angavu ambazo chembe zenye nguvu kutoka angani zikizipiga hutoa cheche ya mwanga, wataalamu wakahesabu, na ufanisi tayari umepanda kwa asilimia mia moja na kumi na nne! (Sauti: "Kutoka wapi?") Kutoka chini, bwana! Kaa!

Daktari aliniletea fuwele ya mfano: ndefu, pembe nne, haina hata ua la nakshi. Jamani, mji wa wakata vioo, jiwe tupu vile? Wakubwa kule mji mkuu, Praha, watatuonaje? Nikampa fundi, akaichonga bilauri, zabibu huku, kulungu kule. Hii hapa! (Daktari: "Mungu wangu! Fuwele yangu ya majaribio!") Usilie kwa furaha, mama. ("Furaha gani? Maabara wanaingoja kesho waipime!") Watainywea! (Kicheko. Bia inamiminwa.) Afya njema, na tuangaliane machoni kama desturi yetu!

(Daktari: "Basi Mheshimiwa, nipishe niingie nikuze nyingine. Karakana ya zamani mmeibomoa, na mbegu nimebaki na hii moja tu.") Tuliibomoa kimkakati, magari ya wageni wapate pa kuegeshwa. Asiyeshukuru kidogo, hata kikubwa hashukuru! ("Hicho kikubwa kiko wapi?")

Vuta pazia! (Pazia linavutwa. "Lo!" Daktari anakimbilia mlangoni.) Tazameni madirisha! Tazameni dohani na moshi wake! Fuwele hoyee! Mwanga hoyee! Krkoška hoyee! (Hoyee ya Mke wa Meya peke yake.)

Namalizia kwa kumshukuru kwa dhati mchoraji wa jumba letu la maigizo, aliyeufanyia kazi ukuta huu usiku kucha. Na wewe Daktari, tafadhali, achia hicho kitasa. Rangi bado mbichi.