Napiga Watoto Vizuri

Jumatatu, 4 Machi 1974

Munange, rafiki yangu Macho-Mawili, wewe unayesoma daftari langu bila ruhusa, karibu. Ukae, lakini ufunge mdomo.

Leo nimeamua. Tarcisio wa Kawempe amekula wateja wangu basi! Ana studio, ana pazia limechorwa ndege, ana maua ya plastiki. Mimi nina kamera, ukuta wa hapa Bwaise, na akili. Kibao chake kinasema PICHA NZULI. Nzuli! Mtu hajui hata kuandika nzuri, na watoto wote wanapelekwa kwake.

Nimechora kibao changu, rangi nyekundu, kando ya Bombo Road: NAPIGA WATOTO VIZURI. HAWALII. SANTO.

Dada yangu Alal akasema niongeze neno picha. Nikamuuliza, nani Kampala hii hajui kupiga ni kupiga picha? Rangi ni ghali. Hana biashara kichwani huyu.

Jumanne, 5 Machi

Mteja! Mama Safinah, mke wa Sajini Wahabi wa kambi ya jeshi. Anataka picha ya mtoto aitume Arua kwa mama yake. Mama huyo hajamuona mjukuu hata siku moja, na macho yake yanakwisha. Anataka moja tu, mtoto akicheka. Haraka, kabla macho hayajafunga.

Nikasema nyabo, mama, umefika. Filamu siku hizi ni kama sukari, haionekani. Kwenye kamera zimebaki picha mbili. Zinatosha. Fundi hapotezi.

Nikamsimamisha Safinah juu ya stuli kama waziri. Viatu, kitana, mikono chini, uso kwenye jua. Nikamuamuru acheke. Akalia kama amechomwa sindano! Majirani wakatoka nje. Nikapiga hivyo hivyo. Mdomo wazi, macho yamefungwa. Picha imekufa.

Mama Safinah akasema basi, anaenda kwa Tarcisio. Nikamuomba, nikamshika na maneno, mpaka akakubali kurudi Alhamisi. Imebaki moja. Nikiikosa hiyo, bibi wa Arua atamjua mjukuu kwa kusikia tu.

Alhamisi, 7 Machi

Siku gani hii!

Mvua ilinyesha, matope kila mahali. Mama Safinah amerudi, nimemuweka Safinah pale nje, naandaa stuli, kamera shingoni. Gari la jeshi likasimama. Sajini mwenyewe, bunduki mkononi. Baadaye nikajua ni Tarcisio alimwambia kwenye baa kwamba kijana wa Bwaise anapiga mtoto wake mpaka barabara yote inasikia. Nyoka!

Sajini akasoma kibao polepole. Akauliza, "Nani anapiga watoto hapa?"

Nikainua mkono. Kwa furaha! Nilifikiri mteja.

"Mimi, afande."

"Na wangu umepiga?"

"Nimepiga, afande. Juzi alilia sana. Lakini leo nampiga tena mpaka acheke."

Macho-Mawili, sijawahi kuona uso unabadilika hivyo.

"Lala chini!"

Nikalala. Tumbo kwenye matope, kamera chini ya kidevu. Akakoki bunduki. Nikaanza kusali Kiacholi, lugha ya kwetu, kumbe siku hizi askari hawataki hata kuisikia.

Halafu Safinah akaja. Akaona mtu mzima amelala kwenye matope, akafikiri ni mchezo. Na yeye akalala! Pua kwa pua na mimi. Akapaka tope shavuni, akacheka mpaka meno yote ya maziwa yakaonekana.

Kidole changu hakikuniuliza. Ta! Kikapiga.

Mama Safinah akakimbia katikati. "Baba Safinah, anapiga picha! Picha!"

Sajini akashusha bunduki. Akasema nitoe filamu, kamera anabaki nayo. Jumamosi nilete mtoto anayecheka. Nisipoleta, nitamjua yeye ni nani. Nikamjibu nimeshamjua, afande. Alal, ametoka ndani, akanikanyaga mguu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimesafisha filamu chini ya kitanda, blanketi mbili juu. Imetoka! Safinah tumbo chini, tope shavuni, macho yanakuangalia ndani kabisa. Hana kiatu, nywele hazina kitana. Lakini ukiangalia sana, unasikia anavyocheka.

Mama Safinah aliishika akalia. Leo hii inapanda basi la Arua, nakala ya pili inabaki kwao. Sajini aliangalia mpaka nikachoka kusimama. Akarudisha kamera. Akaniambia, sauti ya chini, "Kijana, andika picha. Neno picha. Unasikia?"

Nikasema ndiyo, afande.

Tarcisio akapita eti anaenda sokoni. Akauliza nilifanyaje. Nikamwambia stuli na jua, ssebo, bwana. Alal anasema siri ilikuwa kulala chini, kuwa sawa na mtoto, kumuacha acheze. Mimi? Fundi mzima kwenye matope? Ile ilikuwa ajali. Stuli ndiyo kazi.

Jumapili, 10 Machi

Habari kubwa! Sajini ameonyesha wenzake. Kambi nzima inataka picha.

Nimechora kibao kipya. Safari hii nimefikiri sana. Neno picha nimeliacha, linakula nafasi. Tayari jina langu limekuwa refu: NAPIGA ASKARI WOTE, HATA WAKUBWA. SANTO WA BWAISE.

Alal amesoma, amefunga nguo zake kwenye shuka, ameenda kwa shangazi kule Kisugu. Hakuaga. Wivu, munange.

Rangi imekauka. Hapa kando ya barabara hakionekani vizuri. Lakini mbele ya geti la kambi wanapita wote, na wakubwa wenyewe. Macho-Mawili, ungekuwa wewe, ungekisimamisha wapi?