Mwanasheria wa Rufaa za Masista

Nobert wa Kilembe alikuja Bwera kuuza miwani ya kusomea ambayo haikuwahi kumsaidia mtu kusoma, lakini siku hiyo hakufungua hata mkoba. Mbele ya lango la shule ya masista aliwakuta wazazi kama arobaini wamesongamana kwenye ubao wa matangazo, na kila aliyetoka pale alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa na ng'ombe. Akajipenyeza.

Ubaoni palikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa orodha ya watoto waliokosa nafasi darasa la kwanza: shule ilijaa, na waliotangulizwa ni wenye barua ya paroko. Ya pili ilikuwa fupi. Mzazi asiyeridhika alipewa siku kumi na nne kukata rufaa mbele ya kamati, na fomu ilipatikana ofisini bila malipo.

Nobert aliisoma hiyo ya pili mara mbili, kwa heshima. Watu walipokuwa wanagombania orodha, akaibandua taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni. Alishaona dhahabu ya Kongo, ya kweli na ile aliyoiuza yeye, ila haikuwahi kumng'aria kama yale maneno mawili, "bila malipo".

"Poleni, wazazi," akasema kwa sauti ya mazishini. "Mimi ni mwanasheria wa rufaa za shule za dini, natoka Kasese. Msikate tamaa. Kateni rufaa!"

Mteja wa kwanza alikuwa Sajini Tumukunde wa kambi ya jeshi, mtu wa kifua kipana aliyezoea kuuliza maswali yenye jibu moja.

"Mtoto yangu Nabasa imekataliwa sababu gani? Mimi nalinda hii nchi miaka kumi na tano!"

"Afande, kanisa haliangalii bunduki, linaangalia ubatizo. Lakini njia iko."

Njia ilikuwa jogoo wawili na dumu la mafuta ya kupikia, zawadi ya wakubwa wa kamati. Wakubwa hao wote walikuwa Nobert. Kufikia jioni walikuwa wamepokea pia gunia la maharage na redio, na kila mzazi alirudi nyumbani na karatasi yenye muhuri mwekundu. Ulikuwa muhuri wa chama cha wafuga nyuki kilichokufa zamani, lakini uligongwa kwa nguvu, na watu wa Bwera wanaheshimu nguvu.

Kesho yake akaja mama mmoja aitwaye Night. Huyu aliuza mitumba sokoni, na miaka mitatu nyuma alikuwa amevuka mpaka kutoka Kasindi, upande wa Kongo, na watoto wawili, Pretty na Hilaire. Shule nyingine iliyokuwepo ilikuwa ng'ambo ya mto. Mvua zilizopita, maji yalimchukua Hilaire kwenye mawe ya kuvukia, na mwanamume mmoja aliyekuwa akiosha pikipiki akamvua kwa kola ya shati.

"Sitaki bamuvue mara ya pili," alisema Night. "Batoto bangu babili balibatizwa kule Kongo, karti zao niko nazo. Lakini paroko wa hapa hanijue, njo maana banakataa. Muko mwanasheria kweli?"

"Mama, hata maaskofu wananiuliza mimi."

"Muko Mukatoliki?"

Nobert akacheka, akafungua faili lake. Ndani mlikuwa na vyeti vya kila aina, vingi vikiwa bado na harufu ya wino. Akachomoa kimoja chakavu, cha ubatizo wake mwenyewe kule Kilembe, chenye jina la mama yake na la kijiji chao. Ndiyo karatasi pekee ya kweli aliyokuwa nayo, na hakuwahi kupata pa kuitumia.

Night akakitazama muda mrefu.

"Sina kuku," akasema. "Lakini sikia, mwanasheria. Kesho kutwa kamati inakaa. Mukuje munisemee, musimame mbele yao. Bazazi bote ba soko batakuwa pale inje, batawaona na macho yao. Kuanzia siku ile hakuna mutu wa Bwera hatawajua."

Akampa na suti nyeusi kutoka kwenye robota lake, yenye vifungo vyote. Nobert alipojiona kwenye kioo cha kinyozi, karibu ajiungamie dhambi. Akilini aliwaona wazazi wa soko zima wakipanga foleni mlangoni kwake, kila mmoja na jogoo kwapani. Akakubali.

Siku ya kamati uwanja ulijaa. Sista Alisi, mwalimu mkuu, aliketi katikati, paroko kulia kwake. Nobert akasimama, akasema. Alisema juu ya mjane na yatima, ingawa Night hakuwa mjane. Alisema juu ya mto unaomeza watoto wa Mungu, na hapo akapoteza mstari uliofuata, maana alikuwa amemwona Hilaire mlangoni, mdogo kuliko alivyodhani. Paroko akafuta miwani.

"Tulichokosa ni muumini wa huku wa kuwadhamini hawa watoto," akasema Sista Alisi. "Wewe ni mbatizwa?"

"Tangu utotoni, Sista!" Cheti kikawekwa mezani, na fomu ya Night ikawekwa kando yake. Nobert akatia sahihi palipoonyeshwa bila kusoma. Sahihi kwake ilikuwa kama chafya.

"Watoto wamepokelewa," akasema Sista. Kisha akasoma fomu kwa sauti. Mdhamini ataleta watoto kwenye Misa kila Jumapili. Mdhamini atafanya kazi ya shule kila Jumamosi. Mdhamini atawanunulia sare na vitabu, mpaka wamalize darasa la saba.

Nobert akaugeukia mlango. Mlangoni alikuwa amesimama Sajini Tumukunde, mkononi ameshika fomu kama ile ile.

"Simama hapo, mwanasheria! Huyu mama amenionyesha ofisi. Fomu ni bure. Jogoo yangu iko wapi?"

"Afande, mwingine…"

"Umekula?"

"Mmoja tu."

"Kila kitu ya watu inarudi leo. Na Jumamosi saa mbili uko hapa. Usipokuja, nakufuata Kilembe na gari. Jina ya mama yako na ya kijiji, huyu mama aliisoma kwa cheti yako, akaniambia."

Jumamosi ile Nobert alikuwa akichimba msingi wa choo kipya cha darasa la kwanza. Night akapita na kikapu cha mihogo, akasimama ukingoni.

"Mama, umenitapeli," akasema Nobert kutoka shimoni.

"Mimi? Fomu nilichukua ofisini ile asubuhi, kabla hamujabandua ile karatasi. Ilitaka mudhamini Mukatoliki, nikatafuta, nikamupata. Nilisema mutu yote atawajua. Niambie, uongo yangu iko wapi?"

Nobert akaegemea jembe, akautafuta. Alikuwa fundi wa uongo, angeujua hata ukiwa umejificha chini ya jiwe. Hakuupata. Miaka yote ya kazi hakujua kwamba mtu anaweza kutapeliwa kwa ukweli mtupu.

"Chimba, papa wa batoto," akasema Night, akamrushia muhogo. "Jumapili banataka viatu."