Mama Redio Si Mimi

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa kumi

Gentille ameandika kitabu. Mutoto wangu, wa tumbo langu. Kwa sasa ni karatasi tu, lakini kitabu gani hakikuanza karatasi? Papa Apollinaire, mwalimu wa hadithi pale parokia, amesema Jumamosi hadithi za vijana zitasomwa mbele ya watoto, na watoto wenyewe watachagua. Ile watakayoipenda itachapishwa Goma, na picha ndani, igawiwe ku masomo, shule zote za hapa Kitshanga. Kila kijana atasoma hadithi ya mwenzake, ili watoto wasichague sura.

Asubuhi yote nimeuza maziwa nikitangaza. Kila aliyeleta chupa alipata maziwa na habari. Mama Kasoki mwenye duka, wa Butembo, alisema naye Trésor wake ameandika, mambo ya sungura anayeendesha pikipiki. Nikamwambia sungura ni muzuri, kwa wale wadogo kabisa. Akanipimia chumvi bila kuniangalia.

Nimealika kartiye muzima, nyumba kwa nyumba. Jirani yangu Virginie. Hata daktari wa ng'ombe.

Hadithi yenyewe sijaisoma. Haraka ya nini, damu ni yangu.

Jumanne, tarehe 7

Nimesoma. Bora wazazi wangu wangeninyima hata ile miaka mitano ya masomo.

Kuna ndama, Bihogo, anayemufuata binti hadi ku masomo. Ndama muzuri. Binti muzuri. Lakini kuna mama pia. Jina lake Mama Redio. Anaongea toka jogoo hadi popo. Anamusifu binti yake kwa wapita njia, wakikosekana anamusifu kwa mbuzi. Siku moja iko mulangoni anaeleza Kifaransa cha binti yake, na nyuma yake maziwa yanafura, yanafura, yanamwagika motoni. Bihogo anaona hakuna mulinzi, anatoka zake, na binti anamufuata.

Hapo nikafunga. Sikutaka kumusikia tena yule mwanamuke.

Maziwa kumwagika motoni. Kwetu wafugaji hakuna aibu inayozidi ile. Bibi yangu kule Burungu alisema ukiyaacha yaungue, chuchu za ng'ombe zinapasuka, na wewe hata mbwa hakusalimii. Nani atanunua maziwa kwa muntu kama huyo?

Nikamuuliza Gentille, kwa upole wote, Mama Redio ni nani. Akasema ni wa kubuni tu, mama, watoto wanataka muntu wa kuchekesha. Nikauliza mbona anavaa kikwembe cha kitenge chenye picha ya tausi. Akaangalia kikwembe changu. Akasema tausi ni wengi.

Na ilitokea mara moja tu. Kosa lilikuwa la makala, moto wake hauna adabu.

Jumatano, tarehe 8

Nimemupelekea Papa Apollinaire maziwa ya kukamuliwa sasa hivi. Nikamuomba, kama mama kwa mwalimu, amutoe yule mama ndani ya hadithi. Asafiri tu. Aende kwa dada yake Itebero, huko ni mbali, porini, hatarudi haraka.

Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema ukimwambia mutoto kila mama ni malaika atafunga kitabu, kwa sababu mama yake iko nyumbani na anamujua. Akaniuliza kama namufahamu muntu aliyempa Gentille wazo lile. Nikajibu nadhani ni mama mumoja wa Sake.

Akanywa maziwa yote mbele yangu.

Alhamisi, tarehe 9

Nimepata akili. Nilimwambia Gentille hadithi ya kuandikwa na mukono haina heshima, nitaipeleka ikachapwe kwa Magloire, kijana mwenye ordinatere karibu na soko. Akanikumbatia. Nikaenda hivyo hivyo.

Nilikaa pembeni ya Magloire nikamusomea. Mama Redio sasa njo Mama Mutulivu. Anaongea kidogo, na kila neno ni shauri. Maziwa yakianza kufura anayatazama tu, yanashuka yenyewe kwa heshima. Mwenye mudomo sasa ni jirani mumoja anayeuza chumvi dukani. Kurasa za mwisho nilikuwa nimechoka, nikaziruka, nikaweka sala mahali pake.

Magloire akauliza kama Gentille anajua. Nikamwambia kazi yake ni vidole. Akasema sawa mama, lakini hata vidole vinaona haya.

Ijumaa, tarehe 10

Nimepeleka bahasha moja kwa moja kwa mwalimu. Gentille aliomba kuona hata ukurasa mumoja. Nikasema ikifunguliwa kabla ya siku yake inaleta mukosi. Akaniamini.

Mimi, ambaye sijatia tone la maji katika maziwa ya muntu.

Jumamosi, tarehe 11

Niandike haraka kabla sijabadilisha mawazo.

Nilivaa kikwembe cha buluu. Tausi nilimuficha chini ya kitanda. Niliacha maziwa ku mbabula, jiko langu la makala, moto mudogo kabisa, nikijua nitarudi mbio. Ukumbi wa parokia umejaa mpaka madirishani. Wote niliwaalika mimi.

Gentille akasoma sungura wa Trésor. Watoto wakacheka vizuri. Kisha Trésor akasoma yetu. Ndama akapita salama. Halafu akaingia Mama Mutulivu. Akashauri. Akashauri tena. Katoto kamoja mbele kakauliza kama huyu mama ni mugonjwa. Mwenzake akamujibu amekufa, njo maana haongei. Mwingine alikuwa amelala, mudomo wazi.

Trésor akafika kwa jirani wa chumvi. Sauti ikashuka. Akamutazama mama yake, akasoma polepole, kama muntu anayevuka daraja bovu. Mama Kasoki akakunja mikono. Watu wakageuka kunitazama, mumoja mumoja. Gentille hakunitazama. Alitazama viatu vyake, na juu ya kiatu kimoja niliona tone.

Sikuweza. Nikasimama nikasema si hivyo, mashine imeharibu. Nikaanza kusimulia ile yenyewe, ya Mama Redio, na mikono, na mbuzi anayesimuliwa sifa mpaka anakimbia. Aliyelala akaamka. Watoto wakasogea hadi kwenye miguu yangu. Nikafika ku maziwa. Nikawaonyesha kwa tumbo langu jinsi yanavyofura, yanafura, na hapo Virginie akatokea mulangoni akipiga kelele: Mama Gentille, maziwa yako inaungua, na ndama iko barabarani!

Ukumbi mzima ulifikiri ni sehemu ya muchezo. Wakapiga makofi. Nilipokuwa nakimbia nikasikia Papa Apollinaire anauliza nani anachagua hii, na nilipogeuka kidogo niliona mikono kama shamba la mahindi. Wa Trésor ulikuwamo.

Chungu cheusi. Harufu imefika sokoni. Daktari wa ng'ombe amerudisha ndama, na hakunisalimia. Njiani watoto waliniita Mama Redio, nikaitika bila kufikiri.

Gentille alirudi akakuta nasugua chungu kwa majivu. Akakaa upande wa pili akasugua naye. Hakupandisha sauti, na njo kilichoniumiza. Akasema kitabu kitatoka kama alivyokiandika, na toka leo karatasi zake zitakaa kwa Papa Apollinaire. Halafu akauliza kama nilisoma hadi mwisho. Nikaangalia chungu.

Akanieleza. Binti na Bihogo wanapotea kwenye ukungu wa milima, hawaoni hata mukono wao. Kisha wanasikia kwa mbali mama anamusifu binti yake kwa mbuzi. Wanafuata ile sauti mpaka nyumbani. Akasema, mama, usiku tulipokimbia vita kutoka Burungu, mimi sikuona njia. Nilifuata mudomo wako.

Na mimi pale niliweka sala.

Nililia ndani ya chungu. Kilitakata haraka.

Jumapili, tarehe 12

Baada ya misa nimemupelekea Mama Kasoki maziwa na kumuomba radhi. Akanusa kwanza. Akasema Trésor hakula jana. Akasema pia kama angekuwa ndani ya hadithi angetaka awe mwembamba. Tukacheka, yeye zaidi. Nimejifunza, kweli. Kazi ya mutoto haiguswi.

Nilipita tu kwa Papa Apollinaire kumwambia kitu kidogo kuhusu picha. Tausi wa kikwembe aonekane vizuri, na manyoya yake ya kijani. Na kwa sababu sauti ya Mama Redio njo inaokoa mutoto, inafaa isikike zaidi. Kurasa mbili ao tatu hivi. Magloire amekubali kuandika kesho, ila anasema tusimwambie Gentille bado. Hapana, mimi njo nimesema hivyo.

Naandika haya mulangoni, na tausi wangu mwilini. Virginie anapita. Yeye jana hakusikia mwanzo, nimemuita nimusimulie yote, polepole, na mbuzi.

Kuna harufu fulani. Itakuwa ni kwa jirani.