Mpeasi Uliozaa kwa Uzi

Jumatatu, 9 Februari

Nimerudi kutoka Soni, kwenye akika ya mjukuu wa Jafari. Mjukuu wa tatu! Mimi sina hata mkwe. Stephano naye alikuwepo, akieleza vigae vya nyumba yake mpya kana kwamba anahubiri. Sisi watatu tulimaliza darasa la saba siku moja, na siku hiyo mwalimu alimpa kila mmoja mche wa mpeasi akapande kwao. Leo Jafari ana wajukuu, duka na shamba zima la mapeasi. Stephano ana vigae, pensheni na gari. Mimi nina maoni.

Nikasimama nikayatoa. Nikasema maisha si mbio za magunia, na nikauliza ni nani aliyekaa akapanga kwamba mtu awe na nyumba akifika umri huu na wajukuu akifika ule. Niliwalaumu wakoloni, mabenki na wauza vigae. Watu waliendelea kula. Pilau ilikuwa nzuri mno, nashukuru, hata mimi nilipunguza hoja ili nirudie sahani.

Ndipo Stephano akaniuliza, kwa upole wa kuudhi: "Na mpeasi wako, Rubeni? Bado ni wa kivuli tu?"

Nikajibu kwamba mwaka huu umezaa hadi matawi yameinama.

Sijui nani alisema hayo. Sauti ilikuwa yangu. Jafari akanikumbatia, machozi yakimlengalenga. Wanakuja Jumamosi kuuona. Mti ule haujawahi kutoa hata tunda moja!

Jumanne, 10 Februari

Yudith, mke wangu, anashauri niwapigie niseme ukweli. Nimekataa kwa sababu za msingi. Magazeti yamechapisha barua zangu dhidi ya waongo. Nusu ya Lushoto imezisoma, na nusu nyingine nimeisomea mwenyewe. Wakiukuta mti mtupu, ni nani atanisikiliza tena? Na hao wawili ndio marafiki pekee ambao bado sijagombana nao moja kwa moja.

Nikamtumia Stephano ujumbe kwamba ninaumwa. Akajibu pole sana, Jumamosi atakuja na mkwe wake, ambaye ni daktari. Hata ugonjwa wangu unampa nafasi ya kunitajia mkwe!

Nimepona.

Alhamisi, 12 Februari

Mpango! Nimekwenda Soni kwa bodaboda, kofia hadi machoni, nikazunguka nyuma nisipite dukani kwa Jafari. Nikanunua ndoo ya mapeasi kwa binti mmoja, Salama. Nikachambua yenye vikonyo virefu. Akasema wateja wengine wanauliza bei, mzee huyu anauliza vikonyo. Nikamwuliza yametoka wapi. Akaonyesha mlimani kwa kidevu, akasema huko juu. Huko juu ni pakubwa. Nikaridhika.

Aliniongezea mawili bure na kuniaga kwa adabu. Namshukuru. Simshukuru dereva wa bodaboda. Kila kona ilivunja vikonyo.

Ijumaa, 13 Februari

Yudith alikwenda mazoezi ya kwaya. Nikachukua uzi wake wa kijani na ngazi. Yenye vikonyo niliyafunga vizuri. Yasiyo navyo niliyafunga kiunoni, na machache yakapinduka kichwa chini. Ukungu uliposhuka, ukiutazama mti kutoka njiani ungedhani ni bustani ya Edeni.

Jirani yangu Mama Loveness alipita, akainua mikono akamshukuru Mungu kwa sauti. Miaka yote hii! Akaomba moja la mjukuu wake. (Naye!) Sikuweza kumnyima. Akashangaa kuona tunda linachumwa kwa mkasi. Nikamwambia ndiyo njia ya kisasa.

Jumamosi, 14 Februari

Wamekuja, bila daktari. Jafari amevaa kanzu nyeupe, Stephano amefunga tai. Kwa ajili ya mti! Nikaanza hotuba juu ya subira. Jafari akainua mikono kwanza, akaomba dua ndefu, akanitaja jina, akamshukuru Mungu kwamba rafiki yake amepata. Nikatamani ukungu urudi.

Kisha akachuma. Tunda likaja na uzi, na uzi ukaja na tawi.

Akautazama uzi. Akautia mfukoni. Stephano akaonyesha peasi lililopinduka, akauliza mbona hilo linasimama kwa kichwa. Jafari akamjibu upesi kwamba ziko mbegu za namna hiyo, za kigeni. Akauma lile la kwake, akafumba macho.

"Tamu," akasema. "Kama ya kwangu kabisa."

Hapo nikajua "huko juu" ni wapi.

Hakuna aliyecheka. Yudith akaleta chai. Stephano akapokea kikombe, akakigeuza huku na huku, akauliza kama nacho kimefungwa uzi.

Jafari alicheka hadi akakaa chini kwenye tope na kanzu yake. Mimi nilikasirika. Nilikuwa na jibu lenye hoja tatu, nikasahau ya pili, kisha nikacheka mimi pia hadi mbavu zikauma.

Stephano akafungua buti ya gari. Ndani, mche wa mpeasi. Walikuja nao! Jafari akasema walijua tangu Jumatatu, kwa sababu mpeasi ukiwa peke yake hauzai, unataka mwenzake karibu, na alikwishaniambia hivyo tukiwa vijana. Nakumbuka. Nilidhani ananisema kwa kuchelewa kuoa. Nilimnunia mwaka mzima.

Tumeupanda pamoja. Stephano alichimba na tai yake shingoni. Tumekula mapeasi ya Jafari chini ya mti wangu hadi jua likazama. Nashukuru. Naandika bila hoja yoyote: nashukuru.

Jumapili, 15 Februari

Nimefikiri sana wakati wa ibada. Jafari ana wajukuu, Stephano ana vigae, lakini mimi nina Jafari na Stephano. Wao wana nini cha kulingana na hilo? Wananipata mimi tu. Kwa hiyo nimewashinda wote wawili! Nitawaambia.

Baada ya ibada mchungaji alinipa mkono, akasema Mama Loveness amesimulia muujiza wa mpeasi wangu. Nikamweleza kwamba huo si kitu, aone mche mpya, wa aina inayozaa ungali mdogo. Akafurahi mno. Atapita Jumatano.

Ndoo ina mapeasi sita. Uzi upo. Mche unanifika gotini, unaweza kubeba mawili.

Nikiuegemeza kwa kijiti, matatu.